Kufuli Tatu

Hadi nilipostaafu nilikuwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata mkoani Singida. Vijana waliniita Mama Maendeleo, na wazee wao vilevile.

Stadi za maisha zilitufikia ndani ya makabrasha: kujitambua, kufanya maamuzi, kukabili shinikizo la rika. Hayakuwa mabaya. Ila kijana aliyeamkia kupiga alizeti, ukimpa kalamu achore mto wa maisha yake kwenye bango kitita, atachora, atakunywa soda, kisha atauliza posho ya nauli inatoka saa ngapi. Fomu ya ripoti nayo iliuliza idadi ya waliohudhuria, basi.

Mimi nilifundishia kwenye sanduku la kikundi cha kuweka na kukopa. Utaratibu wenyewe ulianzia Niger mwaka 1991, kwa wanawake waliosaidiwa na shirika la CARE, ukasambaa hadi vijijini kwetu. Sanduku la bati lina kufuli tatu. Funguo wanashika watu watatu, na sanduku linalala kwa mtu wa nne. Hisa zinagongwa muhuri kitabuni, kila mtu akiona. Mchelewaji analipa faini. Sasa mwambie rafiki uliyechunga naye mbuzi, mbele ya wenzenu, “Toa faini, umechelewa.” Nani tena atakufundisha kukabili rika?

Kikundi kimoja kilikwama kwenye tarehe ya kuvunja sanduku, yaani kugawana akiba. Waendesha bodaboda walitaka Desemba, wapate pesa ya sikukuu. Binti mmoja mwenye mtoto mgongoni, ambaye vikao vyote vya mwanzo alikuwa akiitikia jina tu, akasimama.

“Pesa ya Krismasi italiwa Krismasi. Trekta mtalipa nini? Na mbegu?”

Wakamzomea. Hakukaa. Akawataja waliokopa mbegu mwaka uliopita kwa ahadi ya kulipa magunia wakati wa mavuno, mmoja mmoja, nao wote walikuwa pale. Mimi nilinyamaza, kazi ngumu kwa mtu aliyezoea ubao. Kura zikapigwa, akashinda kwa chache, katiba ikaandikwa: kuvunja ni Novemba.

Halafu ikaja mikopo. Tangu 2018 sheria inazitaka halmashauri kutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Nia njema kabisa. Vikundi vikaota kama uyoga, vingine vikiwa na katiba ya kunakili na mwenyekiti asiyewajua wanachama wake. Aprili 2023 serikali iliposimamisha mikopo hiyo ili kupanga utaratibu mpya, vya namna hiyo sikuviona tena.

Wale wa sanduku walikutana Jumapili baada ya ibada, kama kawaida. Suala la mikopo lilikuwa ajenda ya tatu. Ya kwanza ilikuwa faini ya mweka hazina, aliyechelewa.