Makasiki ya Ngomeni

Ukiingia Fort Jesus siku hizi, mwanangu, macho yako yatakimbilia mizinga na ule mfupa wa nyangumi uani, maana ndipo vijana wenzako wanapopigia picha. Makasiki, ile mitungi mikubwa ya udongo, hupitwa hivi hivi. Mimi huyaendea kwanza. Baadhi yake niliyaosha kwa mikono hii mwaka 1977, nilipokuwa kibarua wa makumbusho, kijana aliyemaliza shule na hana mbele wala nyuma, mfukoni hamna hata ya kikombe cha kahawa chungu.

Meli iliyoyabeba iliitwa Santo António de Tanná, ya Wareno, iliyoundwa Bassein huko Bara Hindi na kushushwa majini 1681. Ilikuja kuwaokoa waliozingirwa ngomeni na Waomani tangu Machi 1696. Usidhani waliokuwa ndani ni Wareno watupu. Walikuwamo Waswahili wengi, wake kwa waume, na maradhi yalipowafagia makapteni mmoja baada ya mwingine, uongozi ukamwangukia Bwana Daud wa Faza. Hilo wazee wetu walikuwa wakilisema barazani zamani, kabla hatujaona kitabu chochote. Meli ikazama Oktoba 1697, hapo hapo chini ya ngome, na ngome yenyewe ikaanguka Desemba 1698. Karibu miaka 280 baadaye wakaja wapiga mbizi, wakiongozwa na Robin Piercy, wakishirikiana na Makumbusho ya Kenya, wakaanza kuufukua ule mchanga.

Kasiki likitoka baharini halivutii hata kidogo. Limevaa chaza na matumbawe, tumboni limejaa tope jeusi, na tope hilo lina harufu ya yai viza iliyochanganyika na kome waliooza juani. Ilikuwa ikituganda kwenye nywele. Nikirudi nyumbani Mji wa Kale nyanya alikuwa akinizuia mlangoni, kwanza nikaoge uani, ndipo niguse mahamri yake. Mwenzangu mmoja, mtu wa Kisauni mwenye mwanya na cheko la kusikika hadi getini, aliapa kwamba mkewe amemhamishia kwenye mkeka.

Kazi ilikuwa ya subira. Chombo kilichokaa baharini muda huo kimenywa chumvi hadi ndani ya udongo wake. Ukikianika tu, chumvi hugeuka chembechembe, zinavimba, na ile ngozi yake ya kung'aa inabanduka vipande vipande. Kwa hiyo tulikuwa tukiyaloweka kwenye matangi ya maji baridi, tunamwaga, tunajaza, tunamwaga tena, wiki hata miezi, mpaka maji yapimwe yaonekane hayana chumvi. Agosti 1978 Mzee Kenyatta akafariki papa hapa Mombasa, mji ukanyamaza, redio ikawa ni nyimbo za maombolezo tu, nasi matangi yetu yakaendelea kubadilishwa maji, kwa kuwa chumvi haina msiba.

Yale makubwa ya rangi ya hudhurungi, wataalamu waliyaita Martabani, kwa jina la bandari ya Burma yalikokuwa yakipakiwa. Mabegani yana vishikio vidogo, hivyo vya kupitishia kamba ili mfuniko usilegee meli ikiyumba. Nilipovisugua mara ya kwanza nilicheka, kwa sababu nyuma ya mlango wa jiko la nyanya lilisimama kasiki lenye vishikio vile vile. Mtungi wetu wa kufinyangwa hapa pwani unatoa jasho, ndiyo maana maji yake huwa baridi, hasa ukiufukiza ubani. Kasiki ambalo halijakaa baharini halitoi jasho wala halinywi kitu. Ukilitia samli leo, baadaye utaikuta samli ile ile. Nyanya alikuwa akiweka mchele, na mwezi wa Shaabani huuhamisha, akalisafisha, akalijaza tende.

Wakati huo huo wauzaji wa vitu vya kale walikuwa wakipita majumbani. Mmoja, mwenye kanzu nyeupe na kalamu mbili mfukoni, alimwekea nyanya shilingi 200 mezani, pesa ambazo mimi nilikuwa nikizitolea jasho siku nyingi. Nyanya alizitazama, akauliza, "Na mchele niutie wapi, mfukoni mwako?" Akamkaribisha kahawa.

Nyanya alipofariki, warithi waliliuza. Sina ugomvi nao, kila mmoja alikuwa na karo za kulipa. Wala sina ugomvi na wanaoyanunua makasiki kupamba bustani. Kasiki la kuchomwa vizuri linastahimili mvua na jua, na mbele ya ukuta wa matumbawe chini ya mwarobaini linapendeza kweli. Wakiliweka tupu, limefunikwa, limelazwa juu ya changarawe, mimi nitakaa nalitazama hadi jioni. Ila nimeona hoteli moja huko pwani ya kaskazini makasiki ya namna ile yamepangwa kando ya njia, yametobolewa matako kwa drili ili maji ya maua yapite. Nilimwuliza mtunza bustani nani kaamuru. Akasema aliyapokea yakiwa hivyo, na kwamba mizizi ya boganvilia imeshapasua mawili, meneja ameagiza mengine.