Fidla ya Pili

Chini ya Mumosho, pale mto Ruzizi unaposhuka kuelekea Ziwa Tanganyika, lipo bwawa la Ruzizi II, lililoanza kutoa umeme mwaka 1989. Nyaya zake zilipita juu ya migomba yetu. Ndani tulisoma kwa kibatari. Noti zangu za kwanza, za filimbi ya kanisani, nilizikariri mchana ili usiku nisihitaji taa.

Sisi ni Wakimbanguisti. Filimbi na matarumbeta tulikuwa nayo. Fidla ilikuwa mambo ya Kinshasa, ambako Armand Diangienda, rubani aliyepoteza kazi na mjukuu wa Simon Kimbangu, mwanzilishi wa kanisa letu, alianzisha okestra mwaka 1994. Wakongwe walinisimulia jinsi walivyopokezana fidla chache, na uzi ukikatika wakafunga waya wa breki ya baiskeli.

Nilipofika Kinshasa, fidla zilikuwa zimeongezeka. Adui alikuwa hewa. Kwa joto na unyevu ule gundi hulegea, ubavu ukaachana na mgongo, vigingi vikavimba visigeuke. Nikajifunza kupenyeza kisu chembamba kwenye mwanya, kuyeyusha gundi ya ngozi katika kopo la nyanya lililokalishwa kwenye sufuria ya maji ya moto, kupaka, kisha kubana kwa mpira wa tairi hadi asubuhi. Ukitumia gundi kali ya dukani umeua chombo: siku kikihitaji kufunguliwa tena, mbao zitapasuka. Wapo wanaouita huo ufundi wa pembeni. Kwangu ni nusu ya kazi.

Mchana niliuza vocha za simu, jioni, mazoezi. Umeme ukikatika katikati ya Beethoven, tuliokuwa na noti kichwani tuliendelea, na wengine wakatufuata.

Niliwekwa fidla ya pili na sikuomba kuhamishwa. Watu hudhani ni benchi la akiba. Lakini Simfoni ya Tisa ya Beethoven huanza na sisi pamoja na sello: mnong'ono wa noti sita sita, chini kabisa, huku pembe zikishikilia sauti ndefu. Fidla za kwanza hudondosha vipande vyao juu yetu. Mkono wa upinde ukisitasita hata kidogo, ukumbi mzima unasikia.

Kwenye kwateti hakuna pa kujificha. Tulikuwa wanne sebuleni kwa watu, tunapiga Haydn, hakuna wa kutuongoza. Ishara ni pumzi ya fidla ya kwanza. Dada wa sello, mdogo kwangu sana, alisimamisha upinde.

“Papa, unakimbia.”

“Sikimbii. Wewe unaburuta.”

Tukarudia polepole, na kweli nilikuwa nakimbia kila nilipokaribia mapumziko. Harusi ndizo zilizotulipa, nako hakuna aliyejali nani anakimbia, mradi bibi harusi afike mezani.

Sasa niko Mumosho, nafundisha. Huku milimani shida imegeuka: kiangazi vigingi husinyaa vikateleza, navipaka chaki. Nyuzi nilikuwa naletewa kwa ndege hadi Kavumu, uwanja wa Bukavu. Tangu Februari 2025, waasi wa M23 walipoingia Bukavu, njia hiyo imefungika. Uzi mwembamba ndio hukatika kwanza. Fidla mbili zimebaki na nyuzi tatu, na kwa kuwa sauti ya pili katika Haydn tunayoifanyia mazoezi haipandi sana, nimewapa hiyo wanafunzi wanaozipiga.