Mkono Niliouficha



Nimeshona majoho ya kwaya ya usharika wetu kwa miaka 18, na muda wote huo mkono wangu wa kulia sikuufikiria. Ulifanya kazi, basi.

Ilianza usiku. Naamka saa nane, kidole gumba, cha shahada na cha kati vimekufa ganzi, vinawaka kama vimeguswa na upupu. Naukung'uta mkono mpaka utulie. Kidole kidogo kilikuwa kizima. Sikujua kwamba hata hilo lina maana kwa daktari. Mchana mkasi ukinidondoka, nasema ni uchovu.

Jumuiyani tulipotaja mahitaji ya maombi, nilitaja wanangu, nikataja mvua. Mkono sikuutaja. Mimi ni mzee wa kanisa, na kwenye Chakula cha Bwana hubeba trei ya vikombe vidogo. Niliogopa kuambiwa imani yangu ni haba, na zaidi niliogopa kunyang'anywa ile trei. Kisha Jumapili moja ilinicheza mkononi, vikombe vikagongana. Mama mmoja aliyepiga magoti aliinua macho akanitazama. Hakikumwagika kitu. Kesho yake nikaenda hospitali.

Daktari alisema kuna mshipa wa fahamu unaopita kwenye njia nyembamba pale kifundoni mwa mkono, na wangu umebanwa. Akanituma kwa kijana wa tiba kwa vitendo ili mkono upimwe unaweza nini. Huyo alinipa karatasi ya maswali 8: kuandika, kufunga vifungo, kushika kitabu unaposoma, kufungua kopo, kubeba mfuko wa sokoni, na kadhalika. Namba 1 ni huna shida, 5 huwezi kabisa. Nikazungushia 1 kote. Nilijua nadanganya, tena nimevaa kitenge cha umoja wa wanawake.

Hakunibishia. "Sawa mama, sasa tuone."

Alinikunjisha viganja kuelekea chini, migongo ya mikono ikigusana, kwa dakika moja. Haikufika nusu, vidole vikaanza kuchoma. Akanipa kifaa cha kukaza kwa nguvu zote, nacho kinaonyesha kilo, hapo sikuaibika. Lakini cha kubana kwa gumba na shahada, mkono wa kushoto uliushinda wa kulia. Ukaja ubao wenye matundu 9 na vijiti 9, kuvichomeka na kuvichomoa huku saa inahesabu. Fundi mzima, vijiti vinanitoroka! Mwisho alinifumbisha macho, akawa anagusa ncha za vidole kwa uzi wa nailoni.

"Sasa je, mama?"

"Naam, nimesikia."

Alikuwa hajanigusa.

Nilifumbua macho nikalia. Akasubiri, akanirudishia karatasi. "Ukiniambia huna shida, mama, nitakutibu kama asiye na shida."

Nilimkumbuka yule mtu wa Luka 6, aliyepooza mkono wa kulia. Watoto wa Sunday school nimewafundisha habari zake mara nyingi, na kila mara nilikimbilia uponyaji. Sikukaa pale Bwana alipomwambia kwanza asimame katikati, kisha aunyoshe mkono mbele ya wote. Nadhani alikuwa ameuzoesha kukaa ndani ya vazi. Hilo halikuandikwa, ni mawazo yangu ya kifundi tu.

Nikajaza upya. Vifungo, 4. Kitabu, 3.

Nilipewa kifaa cha kunyoosha kifundo wakati wa kulala, nikaambiwa nipunguze kazi. Baada ya miezi 3 alinipima tena. Usiku nalala, na uzi nausikia kwenye vidole viwili kati ya vitatu. Kubana bado ni hafifu, na daktari amezungumzia upasuaji mdogo. Wiki hiyohiyo niliutaja mkono jumuiyani. Siku hizi trei anaibeba mzee mwenzangu, nami natembea nyuma yake nikikusanya vikombe vitupu.