Kioo cha Marehemu

Wasee, kuna kioo kimenikosesha usingizi wiki hii.

Waetruska waliishi Italia ya kati kabla Roma haijawa kitu. Vioo vyao havikuwa vya glasi, vilikuwa vya shaba iliyochanganywa na bati. Upande mmoja unasuguliwa mpaka unaona sura yako, nyuma wanachora hadithi za miungu na mashujaa, mara nyingine hadi majina yao. Mwanamke akifa, anaweza kuzikwa na chake. Sasa cheki: vingine vimekwaruzwa neno moja, suthina. Maana yake ni cha kaburini. Na kuna waliolikwaruza palepale upande wa kujiangalia! Yaani hata ukikiiba, kila ukijitazama neno liko usoni kwako.

Hiyo ilinigusa vibaya. Nilipoacha chuo mwaka wa pili, ni dada yangu pekee hakuniuliza maswali. Alipofariki, shangazi alisema kioo chake kidogo cha poda kiwekwe ndani ya jeneza. Nikasema sawa. Nikakitia mfukoni.

Ndicho huwa natumia kujikagua kabla sijarekodi. Zile video zote mnapenda, kilikuwa hapo pembeni ya simu. Mathe alikiona Jumapili, akakigeuza mara mbili, akakirudisha mezani, akaenda jikoni bila kusema kitu.

Hakijaandikwa neno lolote. Kina ufa kwa kona, na poda yake bado iko kwa bawaba. Sijaifuta.

Shangazi, ukisoma hii, ni mimi.