Mionzi ya Jua na Mionzi ya Kampala

Machi 2024, serikali ya Sudan Kusini ilipofunga shule kwa sababu ya joto, mama yangu mdogo aliendelea kuuza bamia katika soko la Konyokonyo kama kawaida. Soko halifungwi. Yeye ana ualbino, na kando ya pua yake, chini ya jicho la kushoto, palikuwa na kidonda kidogo kama punje ya harage. Kilikauka, kikatoa damu, kikakauka tena. Kwa karibu mwaka mzima zahanati moja ya mtaani ilimpa dawa ya kupaka, tyubu baada ya tyubu, bila mtu kukitilia shaka.

Nyumbani tunamwita khalto. Anazungumza Kibari na Kiarabu cha Juba. Daktari tuliyempata hatimaye alikuwa Mkenya aliyesomea magonjwa ya ngozi huko KCMC, Moshi. Kiarabu hakijui. Basi mimi, mwanafunzi wa Kiswahili niliyejivunia ngeli zangu, nikakaa katikati yao.

Kipande cha kidonda kilipelekwa Nairobi kupimwa. Majibu yaliporudi daktari alisema, "Ni saratani," nami nikafungua mdomo nitafsiri, lakini khalto alikuwa ameshainamisha kichwa. Neno hilo tumelipokea kutoka Kiarabu. Halikuhitaji mkalimani.

Daktari alisubiri kidogo, kisha akaeleza kwamba hii ni ile inayoanzia kwenye seli za chini za tabaka la juu la ngozi. Duniani hakuna saratani inayowapata watu wengi kuliko hiyo. Mara chache sana husambaa mwilini, ila ikiachwa huendelea kula mahali ilipo: pua, kope, hata mfupa. Alichokuwa amekihofia ni ile ya seli bapa, ambayo ndiyo huonekana zaidi kwa wenye ualbino barani Afrika na ambayo husambaa kwa urahisi zaidi.

Kisha zikaja njia za tiba, na hapo Kiswahili changu kilianza kutoka jasho. Krimu ya kuua seli hizo ipo, lakini inafaa pale ugonjwa ulipo juujuu tu, na wa khalto ulikuwa umeshuka. Kugandisha kwa naitrojeni ya maji kuna kasoro hiyohiyo, tena hakuna kipande kinachobaki cha kupeleka maabara kuhakikisha kama ugonjwa umekwisha. (Mimi nilitafsiri "kuweka barafu". Khalto akauliza kwa nini basi tusinunue barafu ya wauza soda.) Upo pia upasuaji aliouanzisha Mmarekani Frederic Mohs miaka ya 1930: daktari hukata tabaka jembamba, hulitazama kwa hadubini mgonjwa akiwa bado anasubiri, kisha hukata tena pale tu penye ugonjwa. Kwa kando ya pua hakuna unaousifika kuliko huo. Lakini si wa Juba.

Zikabaki mbili: kukatwa hapahapa kwa ganzi ya mahali, pamoja na ukingo wa ngozi nzima wa milimita nne hivi, au kupigwa mionzi Kampala, kwa kuwa nchi yetu haina mashine hiyo.

Mimi nilitaka Kampala. Niseme ukweli, nilivutiwa na ukubwa wa mashine. Tena kisu karibu na jicho kilinitisha. Mionzi haiachi mshono. Nilipomweleza, khalto alinitazama kwa muda mrefu. Kwa Kiswahili ni mionzi ya jua na mionzi ya hospitali. Kwa Kiarabu pia neno ni moja, ashia. "Ashia ndiyo iliyonifanya hivi," akasema, "nawe unataka nipande basi kuifuata?"

Nilicheka. Daktari, nilipomtafsiria, hakucheka. Alisema swali hilo lina maana kuliko nilivyodhani: kwa mtu wa miaka 38 madaktari husita kutumia mionzi ikiwa kisu kinatosha, kwa sababu kovu lake huzidi kuharibika miaka inavyopita, na mionzi yenyewe inaweza kuleta saratani nyingine baadaye. Pia si safari ya siku moja. Ni siku tano kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na kulala kwa nani? Watoto wake wanne abaki nao nani?

Khalto aliuliza jambo moja tu: atarudi sokoni lini? Wiki mbili, akajibiwa. Akachagua kisu.

Walimkata siku ya Alhamisi. Kipande kilikwenda tena Nairobi, nasi tulingoja majibu tukiogopa hata kuyataja. Kingo zote zilikuwa safi. Kope ya chini imevutwa kidogo, jicho hilo hutoa machozi upepo ukivuma, na kila baada ya miezi michache lazima akaguliwe, maana aliyepata moja hupata nyingine.

Meza yake sasa iko chini ya bati. Daktari alimletea Kilisun, losheni ya kujikinga na jua inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya wenye ualbino, nasi tukamnunulia kofia pana. Wateja humtania kwamba amekuwa mtalii. Huwaongezea bei ya bamia.