Utani Usigeuke Uadui

Ndugu msomaji, leo naomba uniruhusu nikusimulie jambo lililotokea nyumbani kwangu, jambo ambalo hapo mwanzo nililiona la kitoto, na ambalo hatimaye lilininyima usingizi mimi mtu mzima. Ni habari ya kompyuta moja, vijana wawili, na ugomvi uliozaliwa na michezo. Huenda nawe unao vijana wa aina hiyo chini ya paa lako. Kama ndivyo, basi habari hii inakuhusu.

Kompyuta yenyewe ni ya mapajani, kuukuu, niliyoinunua mkononi kwa mtu kwa akiba ya miezi mingi. Mwezi Oktoba 2025, utunzaji wa kawaida wa Windows 10 ulipokoma, fundi alitueleza kwamba mashine yetu haikuwa na sifa za kupokea Windows 11. Nilidhani huo ndio mwisho wake. Lakini mwanangu, aliyekuwa kidato cha tatu, akanizuia. "Baba, usiitupe. Nitaitia Linux." Jioni moja ilitosha. Mashine ikaamka, tena nyepesi kuliko zamani, na mimi sikutozwa hata senti moja.

Kwa wale wasioifahamu, Linux ni mfumo endeshi, yaani ile programu kuu inayoiamsha kompyuta na kuzigawia programu nyingine kazi. Aliyeuanzisha mwaka 1991 ni Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki nchini Finland. Ni programu huria: kila mtu anaruhusiwa kuisoma jinsi ilivyoandikwa, kuirekebisha, na kumgawia mwenziwe. Kwa sababu ya uhuru huo Linux imezaa matoleo mengi. Debian ilianza mwaka 1993. Kutokana na Debian ikatoka Ubuntu mwaka 2004, kwa juhudi za Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, na jina lake ni ndugu wa neno letu "utu". Kuna na Arch, iliyotokea mwaka 2002. Na penye watoto wengi hapakosi mashindano.

Mwanangu alitia Ubuntu. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu anayesoma chuo hapa mjini na kukaa kwetu, ni mtu wa Arch. Sifa ya Arch ni kwamba anayeitaka kwa kawaida huijenga kipande kwa kipande kwa amri za mkono wake, na aghalabu waliofaulu kufanya hivyo hawaachi kulitangaza jambo hilo. Mpwa wangu aliiita Ubuntu "mfumo wa wanaoanza." Mwanangu naye hakukosa jibu: mwenye safari, alisema, hana nafasi ya kuunda gari upya kila asubuhi kabla ya kulipanda.

Uwanja wao wa mapambano ulikuwa michezo ya kompyuta. Hapo kale, ndugu msomaji, aliyetumia Linux alikuwa kama mtu aliyealikwa harusini akakuta sahani zimekwisha, kwani michezo karibu yote iliandikwa kwa ajili ya Windows. Kampuni moja ya Marekani, Loki, ilianzishwa mwaka 1998 ili kuihamishia michezo mashuhuri kwenye Linux, lakini kufikia mwanzoni mwa mwaka 2002 ilikuwa imefunga milango. Wengine walishika njia ya ukalimani. Tangu mwaka 1993 wapo waandishi wa programu, wengi wao wakijitolea, waliokuwa wakijenga kitu kiitwacho Wine. Programu ya Windows inapotoa agizo, Wine hulipokea na kulifasiri kwa namna ambayo Linux italielewa. Kazi hiyo iliendelea miaka ishirini na mitano, hata mwezi Agosti 2018 kampuni ya Valve, yenye duka la michezo la Steam, ikatoa Proton, iliyojengwa juu ya Wine. Tangu hapo maelfu ya michezo ya Windows ikaanza kuchezeka kwenye Linux. Mwaka 2022 Valve ikatoa Steam Deck, mashine ya michezo ya kushika mikononi, na mfumo wake ni Linux.

Hapo ndipo moto ulipokolea. Mpwa wangu alidai ushindi, maana mfumo wa Steam Deck umejengwa juu ya Arch. Mwanangu alijibu kwamba mfumo wa kwanza wa Valve, kabla ya huo, ulijengwa juu ya Debian, mama yake Ubuntu. Wote wawili walisema kweli, na wala hakuna aliyeridhika. Mezani walibishana, kitandani walibishana. Nami, badala ya kuwakanya, nilicheka na kuchochea. Niliwaambia kuwa wamekuwa kama Simba na Yanga. Leo najuta.

Siku moja mwanangu alipokuwa shuleni, mpwa wangu aliamua kumaliza ubishi kwa vitendo. Alitaka kuthibitisha kwamba mchezo fulani wa mbio ungekwenda kasi zaidi kwenye Arch kuliko kwenye Ubuntu. Akaifuta diski yote, akaanza upya. Alidhani vitu vya mwenziwe vilikuwa na nakala kwenye flashi. Havikuwa nayo.

Kazi za shule zilizopotea ziliweza kuandikwa tena. Lakini ndani ya kompyuta ile mlikuwa na sauti ya mama yangu. Mwaka mmoja kabla hajafariki, mwanangu alikaa naye kijijini akamrekodi akisimulia hadithi za utoto wake: njaa waliyoiona, safari za kwenda kuchota maji, jinsi alivyoolewa. Simu ilipojaa, alizihamishia kwenye kompyuta, akazifuta kwenye simu. Fundi tuliyempelekea diski aliokoa picha mbili tu. Sauti haikurudi.

Mwanangu hakupiga kelele. Alikaa wiki tatu bila kumsemesha binamu yake hata neno moja, wakilala chumba kimoja. Mpwa wangu alipungua mwili. Mimi nilipandwa na hasira nikatangaza kuwa nitaiuza kompyuta, Linux na michezo yake vitoke nyumbani kwangu. Mke wangu akaniuliza kwa upole, "Ukiiuza, mama atasema tena?" Nikanyamaza.

Jumapili iliyofuata niliwaita mmoja mmoja, nikamwomba kila mmoja anifundishe. Nilitaka kujua ni kitu gani hicho kilichowafanya ndugu wawili wasahauliane. Nilistaajabu kukuta kwamba mambo waliyoyajua yalikuwa yale yale, na heshima waliyokuwa nayo kwa wale waandishi wa programu ilikuwa moja. Mwanangu ndiye aliyenisimulia habari za KDE na GNOME, na habari hizo zilinifungua macho.

Mwaka 1996 kikundi cha waandishi kilianza kuijengea Linux sura ya kuvutia, yenye madirisha na vitufe, wakaiita KDE. Lakini waliitegemea programu nyingine, Qt, ambayo wakati ule masharti yake hayakuwa huria kamili. Wenzao waliona hatari humo, na mwaka 1997 wakaanzisha GNOME ili kushindana nao. Mabishano yalikuwa makali, na mengine hayakuwa ya kistaarabu. Hata hivyo pande zote mbili ziliendelea kufanya kazi. Mwaka 2000 Qt ikatolewa kwa leseni iliyo huria kweli, na mwaka huo huo ukaanzishwa mradi wa pamoja wa kuweka taratibu ambazo programu za pande zote mbili zingeweza kuzifuata. Leo KDE na GNOME zote zipo, na mtumiaji huchagua aipendayo. Hakuna aliyelazimika kuifuta kazi ya mwenziwe ili yake isimame.

Nilipoyasikia hayo nikamkumbuka jirani yangu. Mimi ni mpenzi wa Yanga, yeye ni Simba damu. Timu yangu ikifungwa, sipiti mbele ya nyumba yake kwa amani. Lakini mama alipofariki, mtu wa kwanza kuja na turubai na viti alikuwa yeye, na yeye ndiye aliyesimamia kuni na maji hadi tulipomaliza matanga. Ndivyo utani wetu ulivyo tangu asili. Wangoni na Wahehe walipigana vita vikali katika karne ya kumi na tisa, kisha wakawa watani. Mtani ana ruhusa ya kukucheka hadharani, lakini ana wajibu wa kukuzika. Kosa langu lilikuwa kuwafundisha vijana wangu kicheko cha utani bila kuwafundisha wajibu wake.

Nasema haya kwa sababu ubishi wa namna hii haukuanzia nyumbani kwangu wala hautaishia hapo. Mtumiaji wa Windows humdharau wa Linux. Wa Linux humwona wa Windows kuwa mtumwa. Na wa Linux kwa Linux hushikana mashati. Mwaka 2024 wenye mchezo wa Apex Legends walipotangaza kuifungia Linux mlango, wakieleza kwamba wadanganyifu walikuwa wakiutumia mfumo huo kujificha, wapo waliosherehekea kana kwamba wenzao waliofungiwa hawakuwa wachezaji kama wao. Ukitazama kwa makini utaona kwamba kijana hatetei mashine. Anatetea jasho alilolimwaga kujifunza, na anaogopa kuonekana mjinga. Mzazi akilijua hilo, atajua pa kuanzia.

Mpwa wangu aliniomba nauli wakati wa likizo ya Desemba. Alikwenda kijijini, akakaa siku sita kwa bibi mdogo, ndugu yake mama, akamrekodi kila alichokikumbuka. Aliporudi aliweka mbele ya mwanangu flashi mbili na kusema, "Moja yako, moja yangu. Si sauti ya bibi, najua. Nisamehe." Mwanangu aliichukua ile flashi, akatoka nje. Jioni tulimsikia chumbani akisikiliza, na baadaye akamwita binamu yake aje wasikilize pamoja.

Kompyuta bado ipo. Diski imegawanywa: Ubuntu upande mmoja, Arch upande wa pili, na kila Jumamosi kila kitu hunakiliwa kwenye flashi. Jana nimewakuta wakicheza SuperTuxKart, mchezo huria wa mbio za vigari, wote wawili kwenye kibodi moja, kioo kimegawanyika nusu kwa nusu. Matusi ya utani yalikuwa mengi. Sikuingilia.

Ndugu msomaji, waache watoto wako washindane, maana mashindano huamsha akili. Lakini kabla ya kucheka pamoja nao, waulize kama wanakumbuka nani atakayekuja na turubai. Na kama unayo sauti ya mzazi wako mahali fulani, usisubiri kesho; itolee nakala leo.