Nyota iliyowaka mara arobaini

 

Nilikuwa naandika kijiprogramu cha kusafisha takwimu za joto za friji ya chanjo ya zahanati moja. Namba yoyote iliyoruka juu ghafla niliifuta. Takataka ya kifaa, nilisema.

Usiku huo nikasoma habari za GRB 070610. Juni 10, 2007, setilaiti ya Swift ilinasa mlipuko wa miale ya gamma wa sekunde chache, ikaziarifu darubini za ardhini. Kwa kawaida milipuko hiyo hutokea mbali mno, nje ya galaksi yetu, na mwanga wake hufifia kama kaa la jiko. Huu uliwaka, ukazima, ukawaka tena: zaidi ya mara 40 kwa siku tatu, mara nyingine kwa sekunde chache tu. Kumbe ulikuwa humu humu kwenye galaksi yetu! Wengi wanashuku ni magneta, mabaki ya nyota yenye usumaku wa kutisha.

Programu yangu ingeifuta yote arobaini.

Nimeirekebisha, sasa inaweka alama tu, haifuti. Lakini takwimu za wiki mbili zilishapotea, na nakala sikuweka (ndiyo, mimi huyu huyu ninayewahubiria!). Kesho asubuhi nampigia simu nesi.